Uzi: Jifunze rangi za mafuta kwa kunakili picha moja tu, "The Banjo Lesson" ya Henry Ossawa Tanner

BrashiKavu (mleta uzi)

Wakuu, habari zenu.

Humu ndani swali ni lile lile kila siku: "Nimenunua rangi za mafuta, nianze na nini?" Na majibu ni yale yale: chora chochote roho inapenda. Mimi siafiki. Anayeanza akichora chochote hana cha kulinganishia. Picha ikimkataa hajui kilichoharibika ni mchoro, ni rangi au ni mwanga, basi anaisukumia uvunguni na kuanza nyingine, nayo inamkataa vilevile. Ukinakili kazi ya bwana aliyeiva, jibu liko mbele yako muda wote. Unatazama kwake, unatazama kwako, tofauti inakusuta.

Tena nasema inakiliwe picha ya ndani ya nyumba yenye watu, ya kihalisia. Chumba kinakufundisha mwanga unavyoingia na unapoishia. Watu wanakufundisha ngozi na mikono. Mawimbi ya bahari unaweza kuyababaisha na hakuna atakayejua, lakini mkono wa mtu kila anayepita anao wake wa kulinganishia.

Picha ninayoipendekeza ni The Banjo Lesson ya mwaka 1893. Tanner alikuwa Mmarekani mweusi, kazaliwa Pittsburgh 1859, akasoma Philadelphia kwa mchoraji Thomas Eakins, mwaka 1891 akahamia Paris, na huko ndiko alikofia 1937. Picha yenyewe iko kwenye makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia, na ukubwa wake ni sentimita 124.5 kwenda juu na 90.2 upana. Mzee amekaa kitini. Mtoto wa kiume amesimama katikati ya magoti yake ameshika banjo, ala ya nyuzi inayofanana na gita, na mzee anamsaidia kuibeba shingo ya banjo. Hakuna anayetutazama, wote wawili macho yako kwenye nyuzi. Nyuma kuna meza yenye kitambaa cheupe, sakafuni kuna vyombo vya kupikia.

Nimeichagua kwa sababu ya mwanga. Kushoto unaingia mwanga wa nje, baridi, wa kibuluubuluu. Kulia kuna moto wa kuotea ambao wenyewe hatuuoni, tunaona tu rangi yake ya chungwa sakafuni na kwenye watu. Mzee na mtoto wako pale pale mianga miwili inapokutana. Ukiweza kuipaka ngozi ikawa baridi upande huu na ya moto upande ule, na bado ikabaki ngozi ya mtu mmoja, basi umepata kitu kikubwa sana kwenye rangi za mafuta.

Nitashusha hatua moja moja. Maswali ruksa.

MkaliWaPenseli

Nimeweka kambi hapa. Ila mkuu, mbona umetuanzishia mlimani? Si bora mtungi na machungwa mawili kwanza?

BrashiKavu

Mkuu, mtungi na machungwa havina ubaya, na kama hujawahi kushika brashi kabisa, anza navyo upate kujua rangi inavyoteleza. Lakini usikae hapo mwaka mzima. Halafu angalia vizuri hiyo meza iliyo nyuma ya mzee: jagi, sahani, kitambaa. Mtungi wako upo humo humo.

Mwanamapokeo

Samahani kama nawaharibia. Mimi sioni faida ya kijana wa Kitanzania kukesha ananakili picha ya Marekani ya miaka ya 1890. Kunakili ni utumwa. Mwambieni amchore bibi yake anapepeta mchele uani, mwanga wetu, watu wetu. Tukimaliza kunakili tutakuwa mafundi wa mikono ya wenzetu.

TingaWaBarazani

Mwanamapokeo, nakuheshimu ila hapo nakupinga. Mimi napaka Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga, mwanzilishi wake, alifariki 1972, na hii sanaa ipo hadi leo kwa sababu wanafunzi walikaa pembeni ya mabwana zao wakanakili. Ndege wa fulani, twiga wa fulani, unampaka mpaka mkono ukubali, ndipo unatoa twiga wako. Shule yetu ni kunakili tangu mwanzo. Wanaotucheka kwamba twiga wote wanafanana wana haki yao, hilo nalo lipo. Lakini mkono hauji kwa kuhubiriwa.

Swali langu kwa mleta uzi: rangi zetu ni zile za makopo, za kupakia baiskeli na mageti. Zinakauka haraka, zinang'aa, mipaka inakuwa mikali. Naweza kuzitumia kwa hii picha?

BrashiKavu

Umenisaidia kujibu, mkuu. Niongeze tu kwa Mwanamapokeo: wakati Tanner anapaka hii, Wamarekani walikuwa wamezoea kumuona mtu mweusi na banjo kama kichekesho cha jukwaani, wazungu wamejipaka masizi usoni wanakenua meno. Yeye akachukua banjo ile ile, ambayo asili yake ni ala za nyuzi za Afrika Magharibi, akaiweka mikononi mwa mzee anayefundisha na mtoto anayejifunza kwa makini. Hakuna anayekenua. Huo ni ubishi uliopakwa kwa brashi, na ukiunakili unajifunza pia jinsi ya kubishana bila kupiga kelele. Ukimaliza, mchore bibi yako uani. Utamchora vizuri zaidi, nakuhakikishia.

Sasa rangi. Za kopo za mageti hazifai kwa hii kazi, TingaWaBarazani. Kwenu zinafaa kwa sababu mnataka rangi bapa na ukingo uliokatwa. Hapa tunataka rangi inayobaki mbichi hata siku nzima na zaidi, ili kivuli cha shavu kiyeyuke taratibu kuingia kwenye mwanga. Hizo ni za mirija, zilizosagwa kwa mafuta ya kitani, yale wengine mnayaita linsidi. Usinunue boksi la rangi ishirini na nne, nusu yake hutaigusa. Chukua nyeupe ya titani, oka ya njano, siena ya kuchoma (kahawia nyekundu), amba ya kuchoma (kahawia nzito), bluu ya altramarini na nyekundu moja yenye nguvu. Nyeusi acha dukani. Altramarini na siena ya kuchoma ukizichanganya unapata giza zito linalokaribia nyeusi ya mrija, na zaidi ya hapo unaweza kulielekeza: ongeza bluu liwe giza baridi, ongeza siena liwe giza la moto. Kwa picha yenye mianga miwili, hilo ndilo unalolihitaji kuliko yote.

Msanii_Nakuru

Asante kwa thread, nimeipenda sana. Huku Nakuru canvas iliyotengenezwa tayari ni bei ghali kweli. Mnatumia nini?

BrashiKavu

Dada, marekani. Kile kitambaa cha pamba kisichopaushwa kinachouzwa kwa mita. Kivute kwenye fremu ya mbao mpaka ukikigonga kwa kidole kiitike. Halafu lazima ukipake jeso, ile rangi nyeupe ya kutangulizia, tabaka mbili au tatu, kila moja ikauke na upitishe msasa laini. Usipake rangi ya mafuta juu ya kitambaa kitupu hata siku moja, mafuta yanakula nyuzi na baada ya miaka kitambaa kinachanika kama karatasi. Wanaokosa jeso hutumia rangi ya maji ya ukutani, nyeupe isiyong'aa. Kwa kazi ya mazoezi itapita, kwa kazi ya kuuza usithubutu. Chokaa hapana kabisa, inababuka.

Ukubwa: sentimita 62 kwa 45. Hiyo ni nusu ya urefu na nusu ya upana wa picha halisi, kwa hiyo hesabu za vipimo zinakuwa rahisi. Pia ni adabu ya wanaonakili kutotoa nakala yenye ukubwa uleule. Pale makumbusho ya Louvre, Paris, wanaowaruhusu kunakili ukumbini hawawaachii kabisa walingane na picha halisi.

Mkuu_wa_Kaya

Je, sheria? Nisije nikashtakiwa na wajukuu wa Tanner.

BrashiKavu

Tanner kafariki 1937, hakimiliki ya picha hii imeshakwisha. Weka jina lako, na nyuma ya fremu andika wazi kwamba ni nakala ya kazi ya Tanner. Kosa ni kuiuza kama yake.

Sasa tuingie kazini.

Tafuta picha safi, ikiwezekana kwenye tovuti ya makumbusho. Mitandaoni zimezagaa matoleo mengi, moja la njano, moja la buluu, moja limetiwa giza. Chapisha nakala mbili stationery: moja ya rangi, moja nyeusi na nyeupe. Ile nyeusi na nyeupe ndiyo utakayoitumia sana mwanzoni, na wengi wanaidharau.

Anza na penseli kwenye karatasi, siyo kwenye kitambaa. Usichore macho, usichore vidole. Chora maumbo makubwa: mzee na mtoto ni umbo moja, si mawili. Wameungana. Kichwa cha mzee juu, mapana chini kwenye miguu ya kiti na ya mtoto. Kisha shingo ya banjo inakata humo kwa mshazari. Mshazari huo upime kwa kuweka penseli juu ya picha, uihamishe ilivyo hadi kwenye karatasi yako. Ukikosea pembe hiyo, mikono yote miwili ya mtoto itakosa mahali, na utabaki unalaumu mikono.

MkaliWaPenseli

Na gridi? Kuna watu wanasema ni kudanganya.

TingaWaBarazani

Wanaosema hivyo wana muda mwingi.

BrashiKavu

Gridi ruksa. Ila tumia miraba mikubwa, minne upana basi. Ukikata miraba midogo midogo unanakili miraba, humuoni mzee. Mimi napenda mtu achore kwa jicho kwanza, kisha aweke gridi juu ya mchoro wake kama mtihani, aone jicho lake linapotokea kupinda. Kila mtu ana upande wake. Kuna wanaorefusha kila kichwa, kuna wanaopandisha bega la kushoto maisha yao yote.

Ukiridhika, hamishia kwenye kitambaa. Lakini kabla ya hapo, ua weupe: amba iliyoyeyushwa kwa tapentaini, ipake nyepesi sana, uifute kwa kitambaa ibaki kahawia hafifu. Juu ya weupe mtupu kila rangi inaonekana nyeusi na utaogopa giza.

Ikikauka, paka picha nzima kwa amba peke yake. Ndiyo, nzima. Penye giza weka amba, penye mwanga futa kwa kitambaa. Lenga ngazi tano tu kutoka giza kuu hadi mwanga mkuu. Kunja macho mpaka picha iwe ukungu, ndipo utaona kwamba kichwa cha mzee ni giza lililokaa mbele ya ukuta mwepesi, na ndiyo maana kinaonekana haraka hivyo bila mstari wowote kukizunguka. Kisha piga picha kazi yako kwa simu, iweke nyeusi na nyeupe, uilaze pembeni ya ile uliyochapisha. Kama hapa hazifanani, usifungue mrija mwingine. Rangi haiokoi picha iliyokosea mwanga na giza, na nimeona watu wenye vipaji wakibishana na ukweli huu hadi rangi zikawaishia.

Msanii_Nakuru

Nilikuwa naisubiri hii ya ngozi. Kwa video nyingi za YouTube wanafundisha ngozi ya mzungu, pinki na njano, halafu wanasema kwa mtu mweusi ongeza brown. Inatoka kama udongo tu.

BrashiKavu

Dada, umegusa penyewe. Hakuna mrija wa rangi ya ngozi. Mng'ao wa ngozi nyeusi unaonekana zaidi kuliko wa nyeupe, inapokea rangi ya mwanga ulioiangukia. Angalia paji la uso au kifundo cha kidole upande wa dirisha: pale panapong'aa si kahawia na si nyeupe, ni kijivu cha bluu. Altramarini kidogo, siena kidogo, titani ya kutosha. Ukiliweka doa hilo peke yake kwenye paleti, kile kibao cha kuchanganyia rangi, utaapa kwamba umekosea. Liweke mahali pake, linageuka kuwa jasho na mfupa. Upande wa moto, kinyume: siena ya kuchoma na oka, tone la nyekundu, na titani uiguse kwa ncha tu, maana nyeupe inapoza rangi na kuifanya ya unga. Ule udongo unaousema unatokana na nyeupe na amba kuchanganywa kila mahali, mwangani na kivulini. Kivulini usitie nyeupe. Kivuli kiwe chembamba, cha kuona ndani, mwanga ndio uwe mnene.

Fanya hivi kabla hujagusa uso: kwenye kipande cha kitambaa changanya madoa ya ngozi ya mzee tu, baridi hadi moto, uyapange. Weka kila doa kwenye ncha ya kisu cha paleti na ulisogeze juu ya picha uliyochapisha mpaka lipotee. Doa likipotea, umelipata.

Na kitambaa cha meza kule nyuma, jamani. Kila mtu anakipaka nyeupe ya mrija. Kifunike chote kwa karatasi yenye tundu dogo, uangalie rangi inayotokea kwenye tundu. Utakuta kijivu na bluu, na utahitaji nyeupe halisi kwa mahali pachache mno.

Jambo jingine ambalo picha hii inalisema wazi: Tanner hakumaliza kila kitu sawa. Nyuso na mikono kazifanyia kazi kwa uangalifu, ukuta na vitu vya nyuma kavipaka kwa mikupuo ya haraka, brashi inaonekana. Usimrekebishe. Ukinyoosha ukuta kama wa rangi ya nyumba, jicho la mtazamaji litakwenda ukutani.

Mkuu_wa_Kaya

Tapentaini huku kwetu haipatikani, ila mafuta ya taa yapo. Na mafuta ya kitani je, nikiweka ya kupikia?

BrashiKavu

Mafuta ya taa tumia kuoshea brashi tu, kisha sabuni na maji. Usiyatie kwenye rangi, yanaacha unyevu na rangi inachelewa kushika. Mafuta ya kupikia sahau. Rangi ya mafuta haikauki kwa maji kutoka kama kanga kambani, inakauka kwa mafuta kukamata oksijeni na kugeuka kuwa kigumu. Kitani kinaweza hilo. Nazi haiwezi kabisa, alizeti ya chupa itakuachia picha inayonata. Na linsidi ya mafundi seremala, iliyochemshwa, inatiwa vikausho na inaelekea kuwa nyeusi baadaye. Afadhali upake rangi ilivyotoka kwenye mrija bila kuongeza kitu.

Kanuni ya tabaka ni fupi: tabaka la chini tapentaini nyingi, la juu mafuta zaidi. Ukigeuza, la juu litakauka na kukakamaa huku la chini bado linacheza, picha itapasuka. Ndiyo maana tulianza na amba. Inakauka haraka kuliko rangi nyingi kwa sababu ina manganizi ndani yake. Titani ndiyo mvivu.

La usalama, na hili naomba mlisome mara mbili: vitambaa vyenye mafuta ya kitani usivikunje ukavitupa kwenye ndoo ya taka. Vinapata joto vyenyewe wakati mafuta yanakauka na vinaweza kuwaka bila kiberiti. Vitandaze nje, au viloweke kwenye maji. Dirisha liwe wazi, na usile huku unapaka.

Darini_Unguja

Assalaam aleikum. Mimi niko Unguja, unyevu mwingi, na picha zangu mbili nimezifungia kabatini zisipate vumbi. Naona zimekuwa za njano. Ndiyo basi tena?

BrashiKavu

Waaleikum salaam, sheikh. Hazijafa. Mafuta ya kitani yakikaa gizani yanakuwa ya njano, na ukiyarudishia mwanga njano hiyo hupungua sana. Zitoe, uziweke chumba chenye mwanga wa kawaida na hewa, zisipigwe na jua moja kwa moja. Zile mbichi ziegemeze zikitazama ukuta lakini ziachie nafasi, ndiyo dawa ya vumbi.

Mwanamapokeo

Nimesoma yote kimya kimya. Bado sijakubali neno kwa neno, lakini hilo la kichekesho cha jukwaani sikuwa nalijua. Nitajaribu ile ya amba peke yake. Nikimaliza hiyo naweza kuruka moja kwa moja kwa bibi yangu, au lazima nipake rangi ya Tanner hadi mwisho?

BrashiKavu

Mkuu, maliza angalau mikono na nyuso kwa rangi kamili, meza na vyombo unaweza kuviacha kwenye amba. Halafu mweke bibi mlangoni asubuhi, jiko la mkaa liwe upande wake wa pili. Hapo mianga yako ni ile ile miwili.

MkaliWaPenseli

Vanishi lini?

BrashiKavu

Miezi sita penye rangi nyembamba, mwaka penye rangi nene. Ukitaka kujua kama imeiva, chovya pamba kwenye tapentaini kidogo, uguse pembeni mahali pasipoonekana. Pamba ikitoka na rangi, subiri.